UPEPO WA TAIRI PANA NA UPEPO WA TAIRI JEMBAMBA

(Maongezi ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa ziwani siku ile. Asiyeweza kusoma asomewe na mwenzake.)



Nimeomba nafasi hii kwa sababu ya ugomvi wa pampu. Wote mnaufahamu. Kijana wetu anayetunza pampu ya ushirika alikuwa anatoza shilingi 100 kwa tairi jembamba, lile la baiskeli kubwa ya zamani, na shilingi 200 kwa tairi pana la baiskeli ya gia. Wabeba samaki wakaja juu. Wakasema, tairi hili limezidi lile kwa unene wa kidole tu, iweje bei iwe mara mbili? Kijana naye akajibu kwamba mikono inayouma ni yake, si yao. Maneno yakawa makali, na siku ile mimi nilisema wabeba samaki wana haki. Nilisema hivyo kwa kuangalia kwa macho tu. Leo nimekuja kusema niliamua kabla ya kupima.

Lakini kuna jambo la pili lililo kubwa kuliko shilingi mia. Ushirika unataka kuagiza matairi mapya kwa fedha za wanachama wote. Wapo wanaosema tununue mapana tu, kwa sababu ndiyo ya kisasa. Na yupo kijana wetu mmoja ambaye hayupo hapa kwa sababu bado amefungwa mkono shingoni. Kuhusu yeye nitasema baadaye.

Kwanza tuelewane tairi linafanya kazi gani. Watu husema mpira ndio unaobeba mzigo. Si kweli. Mpira na uzi wake ni mfuko tu, anayebeba ni upepo uliofungiwa ndani. Toa upepo uone kama mpira utakubeba. Zamani magurudumu ya baiskeli yalikuwa ya chuma au ya mpira mgumu usio na upepo, na mwenye kuipanda alitikiswa mpaka meno. Katika miaka ya 1880 daktari mmoja wa mifugo, Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast kule Ireland, jina lake John Boyd Dunlop, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kumbukeni alikuwa daktari wa ng'ombe na farasi, wala hakuwa fundi wa baiskeli. Kwa hiyo na sisi wa darasa la jioni tusiogope kuuliza.

Darasa letu la watu wazima lilifanya kazi hii kwa jioni tatu. Tulichukua tairi la baiskeli ya zamani, ambalo ubavuni limeandikwa 28 x 1½, na pembeni yake kwa herufi ndogo 40-635. Tukachukua na tairi la baiskeli ya gia, lililoandikwa 26 x 2.125, na pembeni 57-559. Ile namba ya kwanza katika hizo ndogo ni upana wa tairi likiwa limejaa, kwa milimita. Yaani 40 na 57. Tofauti ni milimita 17, kweli unene wa kidole. Hapo wabeba samaki wamesema sawa.

Sasa likateni tairi kama mnavyokata ndizi. Mtaona duara. Upepo unakaa ndani ya duara lile. Tulichora duara la milimita 40 na duara la milimita 57 kwenye daftari la hesabu lenye vyumba vya nusu sentimita, halafu mama mmoja akahesabu vyumba vilivyomo, na vile vilivyokatwa akaviunganisha viwili viwili. Duara dogo lilikuwa na vyumba kama 50. Duara kubwa, vyumba kama 102. Tulinyamaza wote. Yule mama alihesabu tena akidhani amekosea. Hakukosea. Daftari lenyewe limefungwa kwa kamba hapo chini ya ubao, ahesabu anayetaka.

Sababu yake ni hii. Unapoongeza upana, duara halikui upande mmoja, linakua upande na kwenda juu pia. Ni kama shamba la hatua kumi kwa kumi, ukilifanya la hatua kumi na nne kwa kumi na nne, hukuongeza hatua nne tu. Lilikuwa mia moja, sasa ni mia na tisini na sita. Jembe lako litakwambia.

Halafu tukapima mzunguko kwa uzi. Gurudumu la 28 ni kubwa, upepo wake unazunguka njia ndefu, kama sentimita 212 ukipima katikati ya unene wa tairi. La 26 ni fupi kidogo, kama sentimita 193 na nusu. Kwa hiyo tairi pana lilipata hasara kidogo hapo. Tukizidisha duara kwa mzunguko, tairi jembamba linachukua karibu lita 2.7, na tairi pana karibu lita 4.9. Ndani ya tyubu ni pungufu kidogo kwa sababu ya unene wa mpira, lakini uwiano ndio huo. Upana haukuzidi hata nusu, nafasi ya upepo imekaribia mara mbili.

Kwa hiyo kijana wa pampu naye alikuwa na haki. Tulihakikisha kwa pampu ileile na mkono uleule. Tuliachia upepo gurudumu likiwa limeinuliwa ili tyubu isikunjane, kisha tukajaza. Jembamba lilitaka mapigo 31. Pana lilitaka mapigo 57 ili kufikia ugumu uleule.

Mtauliza, tulijuaje kwamba ni ugumu uleule, wakati saa ya kupimia upepo hatuna? Hapa ndipo ninapopenda zaidi, na naomba mnivumilie. Tulifunga mzigo kwenye keria, tukaweka gurudumu la nyuma juu ya mizani yetu ya kahawa, na la mbele juu ya matofali ya kimo kilekile ili baiskeli isilale nyuma. Mizani ikasoma kilo 90. Halafu tukapaka tairi majivu yaliyoloweshwa, tukaliteremsha polepole juu ya karatasi ya vyumba, tukaliinua. Alama ikabaki. Tukahesabu vyumba. Vyumba vinne ni sentimita mraba moja. Alama ya vyumba 120 ni sentimita mraba 30. Kilo 90 ukizigawa kwa 30, kila sentimita mraba inabeba kilo 3. Huo ndio upepo uliomo ndani, takriban, maana mpira wenyewe nao unasaidia kidogo. Karatasi, majivu na mizani, basi. Saa ya dukani ni nzuri, lakini usiseme huwezi kupima kwa sababu huna saa.

Na hapa tuliona ajabu nyingine. Kwa ugumu uleule, alama ya tairi pana na alama ya tairi jembamba zilikuwa na vyumba sawa! Ya tairi jembamba ilikuwa ndefu na nyembamba kama jani la muwa. Ya tairi pana ilikuwa fupi na nene. Lakini eneo ni lilelile, kwa sababu mzigo ni uleule na upepo ni uleule. Kwa hiyo yule anayesema "nina tairi pana, sizami mchangani," huku amelijaza mpaka pampu imegoma, anajidanganya. Atazama karibu kama mwenye jembamba. Faida ya upana haiji mpaka ukubali kupunguza upepo.

Sasa nizungumze habari ya kijana wetu.

Alikuwa anapandisha mahindi na maharage kutoka kwetu kwenda juu wiki moja, na wiki nyingine anabeba dagaa kutoka ziwani. Alinunua baiskeli ya gia yenye matairi mapana, akaniuliza mimi, Katibu wake, ajaze upepo kiasi gani. Nikamjibu kama tulivyofundishwa zamani na baiskeli zetu za 28: jaza mpaka pampu igome. Siku ile alikuwa anashuka mlima mchana, jua kali, breki amezibana muda mrefu mpaka ringi zimepata moto. Tairi la mbele likapasuka ubavuni. Alianguka, mfupa wa bega ukavunjika, na mzigo ukatawanyika korongoni. Tairi lilikuwa limechoka, lina nyufa, hilo ni kweli. Lakini na neno langu lilikuwamo ndani ya tairi lile.

Tulipofanya hesabu darasani nilielewa nilichomfanyia. Upepo unasukuma ngozi ya tairi kutoka ndani, kila mahali. Tairi likiwa pana, kuna nafasi zaidi ya kusukuma, na ngozi inavutwa kwa nguvu zaidi ijapokuwa ugumu wa upepo ni uleule. Hesabu yake si ngumu. Chukua upepo, kilo 3, zidisha kwa nusu ya upana wa tairi kwa sentimita. Tairi jembamba: 3 mara 2, ni kilo 6 zinazovuta kila sentimita moja ya ngozi. Tairi pana: 3 mara 2.85, ni kilo 8 na nusu na zaidi. Nililolipa tairi lile mzigo wa karibu nusu zaidi bila kujua. Lakini ukiweka kilo 2 tu kwenye tairi pana, inakuwa 2 mara 2.85, yaani kilo 5.7. Ngozi inapumzika hata kuliko ya jembamba.

Na je, kilo 2 zinatosha kubeba? Kwa mzigo uleule wa kilo 90 alama ilikuwa vyumba 180, yaani sentimita mraba 45. Tairi lilinepa, lakini tulilipitisha juu ya jiwe la ukubwa wa ngumi na ringi haikugonga. Tairi jembamba ukiliweka kilo 2 na mzigo ule, ringi inashuka mpaka kwenye jiwe na tyubu inabanwa katikati. Mafundi wanaijua pancha hiyo, matundu mawili yanayokaa pamoja kama meno ya nyoka. Ukiyaona matundu mawili ya namna hiyo usitafute mwiba. Ulikuwa na upepo mdogo, au mzigo mkubwa.

Msichukue kilo 2 kama amri. Ni kipimo cha mzigo ule tuliopima sisi. Mzigo ukizidi, ongeza upepo, lakini usipite kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Pale pameandikwa PSI. Kilo moja kwa sentimita mraba ni kama PSI 14. Ukiona PSI 40, maana yake ni chini kidogo ya kilo 3. Na tairi lenye nyufa usilifikishe huko. Habari ya baridi ya Mbinga na joto la ziwani, ambayo wazee wameiuliza: ni kweli, ukijaza alfajiri ya baridi huko juu ukashuka mpaka ziwani mchana, upepo unatuna, lakini ni kidogo. Kinachoharibu ni ringi ya moto na jua la moja kwa moja. Shuka, simama, gusa ringi. Ikikuunguza, kaa kivulini.

Sasa tairi lipi tununue?

Sisi tuko katikati, milima juu na ziwa chini, na njia zetu hazifanani. Anayetumia barabara ya lami ya Mbinga na Mbamba Bay, kilomita 66, na baiskeli yake ni ya zamani, hana sababu ya kutafuta upana. Tairi jembamba lililojaa vizuri linakimbia vizuri kwenye lami, na ni jepesi. Anayepita kwenye vijia vya mawe vya milimani, au kandokando ya ziwa kuelekea Liuli na Lituhi penye mchanga, huyo pana litamfaa, mradi apunguze upepo. Ila nisiwaahidi miujiza. Mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, unyayo wake ni kama sentimita mraba 150, hata nusu kilo kwa kila sentimita haifiki. Tairi la kilo 2 linachoma mchanga kama mara tano kuliko mguu wako. Kwenye mchanga wa ufukweni mtashuka na kusukuma kama siku zote.

Wenye baiskeli za 28 wanaotaka mapana wajue kwamba tairi hilo haliingii kwao. Ile namba ya pili ndogo, 635, ni kipimo cha kiti cha tairi kwenye ringi, kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Ya baiskeli ya gia ni 559. Ni lazima ubadili magurudumu, na hata ukibadili, breki za vyuma hazitafika kwenye ringi mpya. Gharama hiyo ushirika usiichukue. Wao wapunguze mzigo na wachunge upepo. Na wale wanaotandika ndani kipande cha tairi kuukuu kuzuia miiba, siwakatazi, ila kipande kinene kinakula nafasi ya upepo, na nafasi yenyewe ni lita 2.7 tu.

Kuna namba nyingine iliyonitia aibu, na kwa kuwa nimeanza kuungama acha nimalize. Mnakumbuka matairi kumi na mawili yaliyokaa ghalani misimu miwili. Watu walisema maneno mengi kuhusu matairi yale. Aliyetia sahihi ni mimi. Baiskeli zetu zilikuwa za 26 x 1.95. Yalipoletwa matairi ya 26 x 1 3/8 nilisoma 26, nikafunga daftari. Mimi nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima, mwaka 1992, na nilijivuna kwamba namba nazijua. Lakini 26 ile na 26 hii si ndugu. Yenye nukta ina kiti cha 559, na ile yenye sehemu, moja na tatu ya nane, ina kiti cha 590. Tofauti ni milimita 31. Lilivaa kwa ulaini sana, tukafurahi, na tulipojaza upepo likachomoka kwenye ringi. Manne tuliwauzia wenye baiskeli za mtumba za kikapu, zile zinayavaa. Manane bado yako ghalani, na mwenye baiskeli ya namna hiyo aje, tutamuuzia kwa bei ya kununulia.

Ndiyo maana naomba safari hii mtu yeyote, hata mimi, asiagize tairi kwa kusema "la ishirini na sita" wala "lile pana." Anakili namba zote, kubwa na ndogo, kwa mkono wake.

Kuhusu pampu, kamati imekubali pendekezo la darasa. Bei haitakuwa kwa gurudumu tena, itakuwa kwa mapigo: mapigo 40 kwa shilingi 100. Tairi jembamba likijazwa mpaka kilo 3 linachukua 31. Tairi pana likijazwa kilo 2 lilichukua 38. Kwa hiyo wote watalipa mia moja, na anayetaka kulijaza pana mpaka pampu igome atalipa zaidi kwa kazi ya kujiumiza, na kijana wa pampu ana ruhusa ya kumkatalia.

Karani anapokea vipimo mpaka Jumamosi jioni. Kila mtu alete namba za ubavuni, aseme njia anayopita na mzigo wa kawaida anaobeba. Asiyejua uzito wa mzigo wake, mizani iko wazi asubuhi kabla ya kahawa kuanza kupokelewa. Majivu aje nayo mwenyewe.